MTOTO WA DAR ES SALAAM ALIYEFIA KAMBINI



Karatasi hii uliyopewa usiikunje ukaitia mfukoni kabla hujaisoma. Usiifungie karanga. Tafuta mahali ukae, hata kama ni pale stendi ya Babati unasubiri basi la Kondoa au la Singida. Dakika chache tu zinatosha.

Nakuuliza swali moja. Una rafiki uliyecheza naye utotoni ambaye leo hujui aliko? Mlichunga pamoja, mlioga pamoja ziwani mkiogopa viboko, mlikula embe moja mkipokezana. Halafu siku moja akaondoka. Eti alikwenda kutafuta maisha. Miaka ikapita. Je, yu hai? Alikufa? Alizikwa wapi, na nani alimlilia?

Kuna watu duniani wanaojiuliza swali hilo hadi uzeeni mwao, na jibu lake ni la kutisha. Marafiki zao wa utotoni walichukuliwa majumbani, wakapakiwa kwenye treni, wakapelekwa kwenye kambi za mauti za Hitler. Wayahudi milioni sita waliuawa, na kati yao watoto wapata milioni moja na nusu. Dunia inayaita Maangamizi Makuu.

Labda unasema moyoni mwako kwamba hayo ni ya Wazungu, sisi watu wa Manyara yanatuhusu nini? Ngoja kwanza! Ndani ya mojawapo ya kambi zile alikuwemo mtu aliyezaliwa Dar es Salaam. Mtu aliyesema Kiswahili kama wewe. Alikuwa mtoto mwenzao babu zetu. Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Leo anajulikana zaidi kwa jina alilolitumia Ulaya, Bayume Mohamed Husen. Hebu sikiliza habari zake.

ALIZALIWA KWETU

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904 mjini Dar es Salaam. Wakati ule nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka uliofuata, 1905, Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Basi huyu mtoto alianza kutembea wakati ule ule ambapo watu wa Matumbi, Ungoni na kwingineko walikuwa wanakufa kwa risasi na kwa njaa.

Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, mtu wa asili ya Sudani, na alifikia cheo cha efendi. Hicho kilikuwa cheo kikubwa, na Mwafrika hakuweza kupanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa upande wa serikali. Alifundishwa Kijerumani angali mdogo, akakijua vizuri. Bado akiwa mtoto alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi.

Hebu mfikirie. Mtoto anajua kusoma, anajua kuandika, anajua lugha ya wakubwa. Wazazi wangapi leo hapa Babati wanauza ng'ombe ili mtoto wao afike hapo! Machoni pa watu huyu alikuwa mtoto mwenye bahati. Milango yote ilionekana wazi.

VITA VIKAMMEZA

Mwaka 1914 Wazungu walianza kupigana wao kwa wao, wakatuletea vita vyao hadi mlangoni. Mahjub alikuwa na miaka 10. Baba yake akaenda vitani, na yeye naye akaingia jeshini, akafundishwa kazi ya ishara na mawasiliano. Miaka 10, ndugu yangu! Mtazame mtoto wako wa darasa la nne, kisha uniambie.

Vita hivyo vilipita hata hapa. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya jenerali van Deventer, yalishuka kutoka upande wa Arusha. Yakapiga Lolkisale, yakapita Ufiome, yaani huku huku chini ya mlima Kwaraa, yakaelekea Kondoa Irangi na kuiteka. Mvua za masika ziliwashika njiani, farasi wakafa kwa wingi, watu wakashikwa na homa na njaa. Barabara unayopanda basi leo ni ndugu ya njia ile. Wazee wa Kigorowa, wa Kimbugwe na wa Kiiraqw waliyaona majeshi hayo kwa macho yao. Na katika vita vile nchi nzima ilitoa wapagazi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi hata majina yao hayakuandikwa popote.

Mahjub yeye alikuwa kusini. Oktoba 1917 yalitokea mapigano makali ya Mahiwa, upande wa Lindi. Yalidumu siku nne, maelfu wakauawa au kujeruhiwa. Mtoto huyu wa miaka 13 alijeruhiwa, akaangukia mikononi mwa Waingereza, akawa mfungwa wa vita.

Alipotoka huko, dunia aliyoijua ilikuwa imekwisha. Wajerumani wameondoka. Bendera nyingine inapepea Dar es Salaam. Kijerumani chake kilichokuwa mali sasa hakimnunulii hata kibaba cha mchele. Akabaki na kovu mwilini na mshahara wa jeshi ambao hakulipwa.

ALIKWENDA KUDAI HAKI YAKE

Basi akaenda baharini. Alifanya kazi ya utumishi kwenye meli, akawa mhudumu wa mezani katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizokuwa zikipita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Aliona bandari nyingi. Lakini moyoni mwake alibeba deni. Si deni analodaiwa, bali analodai yeye.

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akafika Berlin. Alikwenda wizarani kudai mshahara wake na wa baba yake wa miaka ile ya vita. Alikuja na haki yake mkononi, sawasawa na mzee anayekwenda ofisini na bahasha ya makaratasi yaliyochakaa.

Wakamjibu kwamba amechelewa. Muda wa madai umepita!

Msomaji, unalijua jibu hilo. Umewahi kusimama dirishani kutwa nzima, halafu unaambiwa faili halionekani, au njoo kesho, au muda umepita. Sasa huyu alikuwa amevuka bahari kuja kuambiwa hivyo. Mtoto wa miaka 13 hakuambiwa amechelewa alipokuwa anamwaga damu Mahiwa.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin akapata kazi ya uhudumu katika jumba moja kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland. Watu walikwenda pale kula, kunywa na kucheza muziki. Yeye aliwabebea sahani.

SIKU TATU TU

Huko Berlin alipata mchumba, Maria Schwandner, mwanamke wa asili ya Bohemia. Wakafunga ndoa tarehe 27 Januari 1933.

Shika tarehe hiyo. Siku tatu tu baadaye, tarehe 30 Januari 1933, Adolf Hitler alikabidhiwa madaraka ya nchi. Maua ya arusi yalikuwa hata hayajanyauka!

Hitler na chama chake walifundisha kwamba binadamu si sawa. Eti damu ya Mjerumani ni safi, na damu ya Myahudi ni sumu. Mwafrika naye, na watu wa kabila la Waroma, na walemavu, wote wakawekwa chini. Mafundisho hayo hayakuishia midomoni. Yaliandikwa yakawa sheria. Septemba 1935 zilitoka Sheria za Nuremberg. Ziliwanyang'anya Wayahudi uraia na kukataza ndoa kati yao na Wajerumani. Haupiti muda mrefu, serikali ikaeleza kwamba makatazo hayo yanawahusu Waafrika pia.

Waafrika waliotoka katika nchi zilizokuwa makoloni, kutoka Kamerun, Togo na kwetu, walijikuta hawana nchi. Pasi za Kijerumani zikachukuliwa, wakapewa pasi za wageni. Mtu alimwaga damu kwa ajili ya bendera ile, na sasa bendera ile ile inamwambia kwamba hamjui.

Mwaka 1934 Husen aliomba nishani waliyopewa wote waliopigana vitani mwaka 1914 hadi 1918. Wakamnyima. Unajua alifanya nini? Alijinunulia mwenyewe, akaivaa pamoja na sare ya askari. Akawa anasimama na sare hiyo kwenye mikutano ya watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake.

Hapa tuseme ukweli bila kuficha. Husen hakuwa malaika. Alisimama upande wa watu waliotaka kututawala tena. Tena alikuwa na mtoto aliyezaa na mwanamke mwingine nje ya ndoa, na mke wake akakubali wamlee mtoto huyo nyumbani kwao. Watoto wawili aliozaa na Maria walikufa wangali wadogo, kabla ya baba yao kukamatwa. Ni mtu kama sisi, mwenye makosa, mwenye majonzi, mwenye kujaribu kila mlango ili apate mkate. Wala hatumkumbuki kwa sababu alikuwa mwema kuliko wengine. Tunamkumbuka kwa sababu alikuwa mtu, na walimtendea kama si mtu.

MWALIMU WA KISWAHILI

Mwaka 1935 alipoteza kazi yake kule Haus Vaterland baada ya kuchongewa na wafanyakazi wenzake. Basi akaishi kwa vibarua vya aina tatu.

Cha kwanza, alifundisha Kiswahili. Ndiyo, lugha hii hii unayoisoma sasa! Pale Chuo Kikuu cha Berlin alikuwa msaidizi wa masomo ya Kiswahili, chini ya profesa maarufu wa lugha za Afrika, Diedrich Westermann. Wanafunzi wake ni watu gani? Maofisa na askari polisi, watu waliojiandaa kwa siku ambayo Ujerumani ingerudi kututawala. Aliwapa maneno ya mama yake, na wao wakamlipa senti kidogo na kumhesabu mtu wa chini.

Cha pili, alishiriki katika maonyesho ya kuzungukazunguka yaliyoitwa Onyesho la Afrika la Ujerumani. Waafrika walipelekwa mji hadi mji ili watu walipe kiingilio wakawatazame. Onyesho hilo lilipigwa marufuku mwaka 1940.

Cha tatu, alicheza sinema. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 23. Mwaka 1937 alionekana katika filamu moja na Zarah Leander, mwanamke aliyekuwa nyota wa sinema za Ujerumani siku zile. Lakini Husen alipewa nafasi gani? Mtumishi. Mpagazi. Mtu mweusi anayesimama nyuma akiwa kimya. Jina lake mara nyingi halikuandikwa hata kwenye orodha ya waigizaji.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941. Ilimsifu Carl Peters. Jamani, Carl Peters! Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Ndiye aliyekuja mwaka 1884 na makaratasi ya mikataba, akawatia machifu saini wasizozielewa. Ndiye aliyewanyonga watu huko Kilimanjaro, hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Hitler alimfufua mtu huyo akamfanya shujaa. Na mtoto wa Dar es Salaam akapewa nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ili aigize Mwafrika mwaminifu anayemtumikia Peters.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 Husen alijitolea tena kuingia jeshini. Wakamkataa. Aligonga kila mlango, na kila mlango ukafungwa.

MWISHO WAKE

Wakati wa ile filamu ya Peters, ilijulikana kwamba Husen ana uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Mtu akapeleka habari. Mwaka huo huo wa 1941 polisi wa siri, Gestapo, wakamkamata. Kosa lake waliliita kuichafua damu ya Wajerumani.

Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakuna kesi, hakuna shahidi, hakuna hukumu. Alitupwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, mjini Oranienburg, kaskazini mwa Berlin. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1936. Zaidi ya watu 200,000 walipitishwa humo hadi mwaka 1945. Wayahudi walikuwamo, na wapinzani wa siasa, na Waroma, na wafungwa wa kivita kutoka Urusi, na watumishi wa dini waliothubutu kusema. Makumi ya maelfu walikufa humo kwa njaa, kwa kazi, kwa baridi, kwa magonjwa na kwa risasi.

Husen alikaa humo miaka mitatu. Mtu aliyezaliwa kwenye joto la Dar es Salaam alipitisha baridi za theluji tatu ndani ya nguo za mistari. Hebu fikiri, wewe unayejifunika mablanketi mawili Babati inapopata upepo wa mwezi wa saba.

Tarehe 24 Novemba 1944 alifariki. Alikuwa na miaka 40. Kambi ilikombolewa tarehe 22 Aprili 1945. Yaani alibakiza miezi mitano tu!

Kaburi lake liko Reinickendorf, Berlin. Mbali na bahari aliyozaliwa kando yake. Mbali na kila mtoto aliyecheza naye.

KAMBI HAZIKUANZA NA KAMBI

Sasa msomaji, usidhani kwamba watu waliamka asubuhi moja wakajenga kambi za mauti. La! Ilianza na utani. Ilianza na jina la dharau, na jirani kumsema jirani yake kwamba si mwenzetu huyu. Halafu ikawa usinunue dukani kwake. Halafu mtoto wake asisome na wetu. Halafu asiolewe, asioe. Halafu ahamishwe. Mwisho treni ikaja.

Watoto waliocheza pamoja barabarani walitenganishwa namna hiyo. Leo amekaa na mwenzake dawati moja, kesho yake dawati ni tupu, na mwalimu haelezi kitu. Katika miji mingi ya Ulaya wapo watu walioishi hadi miaka ya themanini na tisini wakiwa bado wanakumbuka dawati lile. Wengine walibaki na picha moja tu ya darasa. Wanaonyesha kwa kidole, huyu alipelekwa, huyu alipelekwa, huyu pia.

Na majirani je? Wengi waliona. Walikuwa watu wa kwenda ibadani, watu wenye watoto, watu wapole. Waliona mlango wa jirani umepigwa lakiri wakapita. Ndiyo maana swali aliloulizwa Kaini juu ya ndugu yake halikuulizwa kwa muuaji peke yake.

Tena usiseme ilikuwa mbali. Vita ile ile iliwatoa vijana wa Tanganyika majumbani kwao, wakapelekwa kupigana hadi Burma. Vita ile ile iliwaleta Wapolandi wapatao 5,000 hadi Tengeru, pale karibu na Arusha, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa kwao. Waliishi katika vibanda, wakalima, wakasoma, wakazika wafu wao. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Ukipanda basi hapa asubuhi, mchana unayaona.

Na usiseme ni ya Wazungu tu. Mwaka 1994, jirani zetu wa Rwanda walichinjana kwa siku mia moja, na maiti zikaelea mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Ilianza vile vile, kwa jina la dharau. Redio ikawaita watu mende.

JIWE LENYE JINA

Husen angeweza kusahauliwa kabisa. Miaka mingi ilipita bila mtu kumtaja. Lakini mwaka 2007 mtafiti mmoja wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu cha maisha yake. Jina la kitabu maana yake ni mwaminifu hadi kufa. Baadaye ikatengenezwa filamu inayomtafuta katika zile sinema za zamani. Yule mtu aliyewekwa nyuma akiwa kimya, safari hii akawekwa mbele.

Mwaka huo huo wa 2007, katika barabara ya Brunnenstraße jijini Berlin, mbele ya nyumba alikoishi, liliwekwa jiwe dogo. Ni la mraba, upande wake kama sentimeta 10, juu limefunikwa shaba. Limeandikwa jina lake na mwisho wake. Mawe ya namna hiyo yalianzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya tisini, na hadi mwaka 2023 yalikuwa yamefika 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Kila jiwe ni mtu mmoja. Ili uweze kulisoma, lazima uinamishe kichwa.

Na kitu kingine. Palikuwa na barabara Berlin iliyopewa jina la Carl Peters siku za Hitler, mwaka 1939. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ile sasa inaitwa Maji Maji. Yaani Mkono wa Damu ametolewa, na waliouawa wameingia! Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji.

Je, msamaha na jiwe vinamrudisha Husen? Havimrudishi. Mshahara wake haukulipwa. Watoto wake hawakurudi. Lakini waliomuua hawakutaka afe tu. Walitaka aonekane hakuwahi kuwa mtu. Jina lake linaposomwa kwa sauti, hapo ndipo wanaposhindwa.

MAMBO MANNE KWAKO WEWE

Kwanza, uaminifu kwa wakubwa si ngao. Husen alitoa utoto wake, damu yake, lugha yake na sura yake. Alivaa sare yao. Bado walimla. Mtu anayekupenda kwa sababu unamfaa, siku usipomfaa atakutupa. Chunga unampa nani moyo wako.

Pili, usicheke jina la dharau. Hapa Babati tumechanganyika. Wapo Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi, Wanyaturu, Wabarabaig, Wachaga wenye maduka, Wasomali, Wahindi, Waarabu. Wakristo wapo, Waislamu wapo, na wanaofuata mila za wazee wapo. Ukikuta kijiweni watu wanamcheka mmoja kwa kabila lake, usiunge mkono kwa kicheko. Kicheko ni senti, lakini senti hujaa kibubu.

Tatu, usiwe mpeleka habari. Husen hakukamatwa na mtu wa mbali. Alichongewa kazini mwaka 1935, akaripotiwa tena mwaka 1941. Watu wa karibu waliomjua ndio waliofungua mlango. Ulimi wako ungeweza kumweka mtu pabaya leo hii. Uzuie.

Nne, andika majina. Hili ndilo kubwa. Ukoo wako nao una watu waliopotea. Kuna babu aliyebebeshwa mizigo ya Kondoa mwaka 1916 hakurudi. Kuna mjomba aliyekwenda Burma. Kuna kaka aliyekwenda mkongeni Tanga au migodini Mererani, na shangazi aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Kuna rafiki yako uliyecheza naye. Nani anayajua majina yao? Bibi anayajua. Na bibi ana miaka mingapi?

FANYA LEO

Usiseme kesho. Wale walioambiwa wamechelewa walikuwa nao wanasema kesho.

Jioni hii nenda kwa mzee wa ukoo wako. Chukua daftari na kalamu. Mwamkie vizuri, mkae, mnywe chai. Muulize waliopotea ni akina nani, walitoka kijiji gani, walikwenda upande gani, walionekana mara ya mwisho lini. Andika jina la mtu na jina la baba yake. Ukimaliza, lisome kila jina kwa sauti mbele ya watoto.

Kisha mkumbuke yule rafiki wa utotoni. Kama yuko Katesh, Dongobesh au Dar es Salaam, mtafute. Mpigie simu. Muulize tu hali. Watu wengi duniani wangetoa mali zao zote wapate nafasi hiyo hiyo unayoichezea wewe, na hawataipata.

Na ukifika mwisho wa orodha yako, ongeza jina moja zaidi, kwa sababu hana mtu wa kwao wa kumtaja. Andika: Mahjub bin Adam Mohamed, wa Dar es Salaam, 1904 hadi 1944.

Ukishasoma karatasi hii, mpe jirani yako.